Kidole Gumba cha Kinyozi

Ukimuuliza kama ameamka salama, alinyanyua kidole gumba. Ukimuuliza kama chai imekolea sukari, kidole gumba. Mteja akijigeuza mbele ya kioo na kutaka kujua kama kisogo kimekaa sawa, kinyozi alikung'uta taulo, akainua kidole gumba, na maongezi yakaishia hapo. Wageni walidhani ana maringo. Ukweli ni kwamba ulimi wake ulikuwa ukikwama tangu utotoni, na kidole hakikuwahi kukwama.

Alijifunza kuyazunguka maneno kama mtu anavyozunguka madimbwi barabarani. Adui yake mkubwa alikuwa herufi k. Kwenye migahawa alikula maharage miaka nenda miaka rudi, si kwa kuyapenda, bali kwa sababu kuku ana k mbili na hakuna mhudumu mwenye subira ya kuzingojea zote. Aliyekuja kumwokoa na maharage ni mkewe. Huyu alikuwa mpokea simu wa hospitali, mwanamke aliyekula kwa mdomo wake, na tangu siku za mwanzo za ndoa alijitwika kazi ya kumsemea mumewe. Benki alimsemea. Kwa mwenye nyumba alimsemea. Hata mezani, mume akianza "Ni-niletee," yeye alishamaliza, "chumvi," na kikopo kimeshasukumwa. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, mume aliitia chumvi hivyo hivyo, akala.

Kazini ulimi ule ulikuwa neema. Watu walipenda kunyolewa na mtu asiyebishana kuhusu mpira wala serikali. Walimwita Bubu, naye alicheka pamoja nao kwa sauti kubwa, maana kicheko hakina herufi ya kukwaa.

Miongoni mwa wateja hao alikuwapo mkufunzi wa kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Alifundishia katika machimbo ya mawe ya zamani nje ya mji, shimo refu lililojaa maji tangu kampuni ilipozima pampu zake na kuondoka. Huyu kuongea ndiyo ilikuwa starehe yake. Siku moja, povu la sabuni likiwa shingoni, alikuwa akieleza yanayowaleta watu kwake: huyu ameona samaki kwenye televisheni, yule anataka mchumba amwone dume, mwingine anaogopa maji na amechoka kuyaogopa.

"Ila wakifika chini wote wanakuwa sawa," alisema. "Kule hata mheshimiwa hana hotuba. Ni mikono tu."

Kinyozi akazima mashine. Mkufunzi alijishika sikio akidhani amekatwa, kisha akamwona kwenye kioo, amesimama tu, anamtazama.

"Ha-hakuna kusema?"

"Utasemaje, bwana, na mpira wa hewa umeuuma mdomoni?"

Wiki hiyo hiyo akajiandikisha.

Mazoezi ya mwanzo yalifanyika kwenye bwawa la kuogelea, na siku ya kwanza nusura yamshinde. Chini ya maji, kidole gumba kikiwa juu maana yake si kwamba mambo ni mazuri. Maana yake ni nipandishe. Mambo yakiwa mazuri unaunganisha kidole gumba na cha shahada, inakuwa pete. Kinyozi aliambiwa hayo yote, akaitikia. Aliposhushwa na kuulizwa kwa ishara kama yuko sawa, kidole kikaenda juu chenyewe. Mkufunzi akampandisha. Akashushwa tena, akaulizwa, kidole juu, akapandishwa. Mkufunzi akamshika bega akamwambia kuogopa si aibu. Wanafunzi wenzake walivunjika mbavu walipoelewa. Tangu hapo ukawa utani wa darasa zima: kidole cha kinyozi ni sawa, cha wengine ni juu. Pete alijifunza baadaye, lakini akinogewa aliisahau, na mkufunzi alishamzoea.

Mkewe alipata habari kwa wifi yake, dada wa kinyozi, aliyempigia simu kazini akiwa tayari anacheka. "Wifi, nasikia kaka amezamia. Nchi gani, au ndiyo hatuambiwi?" Mpokea simu alicheka ili asionekane amepitwa na mambo ya nyumbani kwake.

Kilichomuuma si kupitwa. Ni ule uso. Kila Jumamosi mumewe alirudi na mstari mwekundu wa miwani kuzunguka macho, nywele zikinuka maji yaliyolala, na uso umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona na uso huo sebuleni. Mwishowe alimpitia mkufunzi kwenye kibanda cha kinyozi akiwa ananyolewa, akasubiri mumewe atoke kumwaga maji, akamuuliza ni nini hasa kilichompeleka huko.

Mkufunzi alitabasamu. "Huwa nawauliza wote, shemeji. Wengi wananipa hadithi ndefu. Yeye alinipa neno moja tu. Kimya."

Neno lenye k mwanzoni, na hakulizunguka. Mke alirudi nalo nyumbani likimchoma kama mwiba. Nyumba yao haikuwa na redio. Haikuwa na watoto. Kelele pekee iliyokuwamo ilikuwa yeye. Basi swali likamkaa kooni: mume wangu anaenda kule kunikimbia mimi? Na hakuweza kuliuliza, kwa kuwa alijijua. Mume angeanza jibu, na yeye angelimalizia.

Alijaribu kunyamaza. Siku kadhaa alipakua chakula bila neno, akakunja nguo bila neno, nyumba ikawa kama wodi. Mumewe alihangaika, akamgusa paji la uso, akapigana na ulimi mpaka akauliza kama anaumwa. Mke akasema haumwi, na kabla hajajizuia akawa ameshaeleza bei ya mafuta, ugomvi wa wauguzi na choo cha ghorofani kilichoziba. Kinyozi akainua kidole gumba. Alikuwa ameridhika, au alikuwa amechoka. Mkewe hakujua tena kukisoma.

Jumamosi aliyofariki kinyozi, mkewe alikuwa zamu. Simu iliingia kwake. Mtu alihema upande wa pili, akaomba gari la wagonjwa machimboni, haraka. Alimwambia asubiri kidogo, kwa sauti ile ile ya kila siku, akamuunganisha na idara ya dharura. Alipoweka mkono wa simu mahali pake ndipo neno machimboni lilipomfikia.

Daktari alisema ni moyo. Alisema pia kwamba angewahi kutolewa majini, pengine, lakini hakuendelea na sentensi hiyo, na mjane hakuimalizia.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kupungua, mkufunzi alikuja mwenyewe. Alikaa ukingoni mwa kochi. Nywele zilikuwa zimemwotea ovyo juu ya masikio; hakuwa ametafuta kinyozi mwingine.

Alisema hawakuwa wameshuka sana. Alimuuliza kwa mkono kama yuko sawa, na kinyozi akanyanyua kidole gumba. Yeye akakichukulia kile cha siku zote, akamjibu kwa pete, akageuka kumrekebishia mwanafunzi mwingine mkanda. Alipogeuka tena, mapovu yalikuwa yamekatika.

"Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa unamsemea. Niambie. Alikuwa anasema nini?"

Majibu yote mawili mjane alikuwa nayo ulimini. Sawa: na mwanamume huyu angeinuka hapo, angelala, angenyolewa. Juu: na yeye mwenyewe angepata mahali pa kuitua hasira yake. Lolote angelitamka vizuri, bila kukwama, na lingeaminika, kwani nani mwingine aliyekuwa akimjua? Alimtazama mkufunzi akipangusa macho kwa kiganja.

"Sijui," alisema mwishowe. "Hiyo sitammalizia."

Mkufunzi akaaga kwa kuinamisha kichwa. Mjane akafunga mlango, akabaki amesimama palepale.

Palepale ndipo mumewe alipokuwa amesimama asubuhi ile ya mwisho, begi begani, midomo imejibana juu ya neno. Siku nyingine yoyote angemsaidia. Alikuwa na mwisho tayari, "nitachelewa," au "niwekee chakula." Lakini alikuwa akifunga nywele kuelekea kazini, na vibanio alivibana kwa meno, kwa hiyo hakuweza. Ikabidi angoje. Mumewe alivuta pumzi, akaiachia polepole, kama alivyofundishwa kutoizuia, akakwama, akarudi nyuma, akaanza upya, bila haraka, mpaka sentensi yote ikatoka:

"Ju-Jumamosi ijayo twende wote. Ukae pale ukingoni, uwe wa kwanza ku-kuniona nikiibuka."