Tulivyolifungua Neno Larinjektomi

Shule niliacha darasa la tatu na sijawahi kuliona pengo lake. Malori yaliyoharibika pale Salgaa nimeyafungua na kuyafunga mpaka nikajenga nyumba ya mawe hapa Nakuru. Kwa hivyo daktari aliposema mke wangu anahitaji "larinjektomi", kisha akataka kuendelea mbele, nilimsimamisha.

"Daktari, hilo neno lifungue. Kipande kimoja kimoja."

Mke wangu alicheka kwa kukwaruza, uvimbe umemkaba koo. "Msamehe. Anadhani neno ni giaboksi."

Daktari, msichana mpole, hakukasirika. Alisema neno ni la Kigiriki. Larinji ni kisanduku cha sauti. Akagusa koo lake mwenyewe. Ek ni nje. Tomi ni kukata.

Tukalisema sote watatu, polepole. La-ri-njek-to-mi. Mwanzo wake unateleza kama oili. Njek, hapo katikati, ni nati inayokatika. Tomi ni laini, mtu angeweza kumpa mtoto jina hilo.

"Kukata na kutoa nje," mke wangu akasema. "Basi sauti ndiyo inaenda."

"Ndiyo, mama. Uvimbe ukiachwa, utaenda wewe."

Ile sauti! Nilimpata akiuza viazi kando ya barabara, akiita dereva wa lori mpaka anashika breki. Kwaya ilimsimamisha nyuma kabisa, na bado tulimsikia yeye peke yake. Akiniita nije kula, majirani waliitika.

"Twende nyumbani," nikamwambia.

"Koo ni la nani?"

"Lako."

"Basi nyamaza." Akamgeukia daktari. "Toa."

Asubuhi ya upasuaji watoto wetu walizunguka kitanda, wakingoja neno la kuweka moyoni. Hata mimi nilingoja. Tumeishi pamoja tangu ujana, nilidhani nitaambiwa kitu kitamu. Kitanda kilipoanza kusukumwa, alininyooshea kidole.

"Yule ng'ombe mweusi usimuuze. Nakujua, wewe."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kwa sauti yake. Siku hizi anaongea kwa mikono, na kugombana anagombana vizuri tu. Ng'ombe naye amezeeka, maziwa hana. Wachinjaji hawaishi kuja kuniambia, "Mzee, huyu ni hasara."

Nawafukuza getini.