Nyuzi za Bibi Maganda

Bibi Maganda, kama wote walivyomwita kazini, fundi wa maabara ya mimea, alikuwa amemenya vitunguu miaka kumi na tisa bila hata kimoja kuingia sufuriani. Kazi yenyewe: abandue kile kiganda laini, akilaze kwenye kioo cha hadubini, adondoshe maji ya chumvi pembeni, tone kwa tone, mpaka seli zisinyae. Hapo ndipo alipoona jambo. Utando wa seli ulirudi nyuma na kuachana na ukuta, lakini si moja kwa moja. Nyuzi nyembamba zilibaki zimeung'ang'ania ukuta.

Akamwita daktari, mkuu wa maabara, msomi aliyesoma mpaka miwani ikachoka. Mheshimiwa akachungulia kidogo tu.

"Uchafu huo, mama. Osha vioo."

Haya. Akaosha. Nyuzi zikarudi. Akaosha miaka miwili.

Kisha siku moja, lahaula, daktari "akagundua" nyuzi! Akaandika makala: kwenye utando kuna protini zilizoshika ukuta kwa nje na kiunzi cha seli kwa ndani, hata ukuta ukivutwa, ndani kunajua. Mwishoni akawashukuru wafadhili, akamshukuru mkewe, akaishukuru na hadubini. Bibi Maganda aliisoma mara tatu akijitafuta. Ilimuuma, tusidanganyane. Alikuwa anastaafu mwezi ujao, na alitaka kitu kimoja tu: mjukuu wake aje alisome jina la bibi yake pale.

Kabla ya kuichapisha, watu wa jarida wakaja kuziona nyuzi kwa macho yao.

"Leo natayarisha mwenyewe," daktari akatangaza. Bingwa! Akayamimina maji ya chumvi yote kwa mkupuo, utadhani anazima moto. Seli zikasinyaa ghafla, nyuzi zikakatika zote.

"Mbona sioni kitu?" mgeni mmoja akauliza, jicho bado hadubinini.

Daktari akamgeukia Bibi Maganda, jasho likimtiririka.

"Labda leo vioo vimetakata," mama wa watu akasema kwa upole.

"Mama, nakuomba. Tengeneza kama unavyotengeneza wewe."

Bibi Maganda akamsogezea makala, akaweka na kalamu juu yake. "Kwanza andika jina langu humo."

Daktari hakubisha. Akashika kalamu, akainama, kisha mkono ukagoma. Wageni wote wanamtazama.

"Samahani, mama," akanong'ona, "hivi jina lako hasa ni nani?"