Mbili Nukta Moja

Msiniulize kama nilikuwa nimelewa. Sinywi, na ilikuwa saa saba mchana, jua la Sekenke liko utosini. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na nayaandika harakaharaka kwa sababu pikipiki inanisubiri nje.

Enzi zile serikali ilikuwa imetupunguza kazini waganga wa mifugo wengi, tukaambiwa tujiajiri. Nikafungua kaduka ka dawa za mifugo Mandewa. Mradi mmoja wa wafadhili wa afya ya punda ukaniazima mashine ya kupimia damu, ndogo kama mkono wa simu ya mezani. Unatia tone moja kwenye kikadi, unakichomeka, baada ya dakika mbili unasoma majibu. Nilijiona profesa. Vijijini watu walinong'ona kwamba mimi ni mumiani, mnyonya damu, nami nikawa nawacheka.

Siku hiyo Mama Elibariki, mjane wa Sekenke, alimtuma dereva wa lori kuniambia punda wake amelala tangu jana, hali wala hanywi. Punda huyo ndiye aliyembebea maji ya kuwauzia wachimba dhahabu. Akifa, mama na wanawe wangekula nini? Nikaondoka na chupa ya dripu ya glukosi, moja tu niliyokuwa nayo.

Kwenye mlima wa Sekenke nikamkuta mzee kasimama kando ya barabara, punda kalala miguuni pake. Nikazima pikipiki, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Niamini, mimi ni Mnyiramba, sijawahi kuona mzee wa kwetu akiiacha shikamoo hivihivi. Alisema neno moja tu: "Mpime."

Nikanyoa kipande kidogo shingoni mwa punda, nikatoa damu. Sukari ikasoma mbili nukta moja, chini mno, na chumvi za damu zimevurugika. Mnyama wa kufa kabla jua halijazama. Mzee naye akaninyooshea mkono. Kidole cha shahada hakikuwepo.

"Na mimi."

Nikamweleza kwamba mashine ni ya punda. Mkono haukushuka. Nikamtoboa kidole cha kati, ili tu aniache nifanye kazi. Mbili nukta moja. Chumvi nazo zilezile, hadi tarakimu ya mwisho.

Ungewaza nini? Mimi niliwaza mashine imeharibika kwa joto. Na sisi wapimaji tulikuwa na tabia moja mbaya: mashine ikitutia shaka, tunajipima wenyewe, maana tunajijua ni wazima. Asubuhi ile nilikuwa nimekunywa chai tamu na mihogo. Nikajitoboa.

Mbili nukta moja.

Mzee alitabasamu kidogo. "Sasa tuko watatu," akasema.

Nasema kwa aibu, Mama Elibariki alinitoka kabisa akilini. Nikatundika ile dripu kwenye usukani wa pikipiki, nikamwingizia yule punda sindano ya shingo. Kadiri maji yalivyoingia mwilini mwake, ndivyo kinywa changu kilivyopata mate. Chupa ilipoisha, akainuka. Niliinama kukusanya vitu vyangu, na nilipoinua kichwa barabara ilikuwa tupu.

Nilifika kwa Mama Elibariki mikono mitupu, njia nzima nikipanga uongo. Nikamkuta punda wake amesimama, anatafuna mabua. Mama akaniambia ameinuka sasa hivi mwenyewe, na tangu jana hajatoka uani. Nikasogea. Shingoni palikuwa na kipande kilichonyolewa, na tone la damu ambalo halijakauka vizuri.

Nikamweleza habari za yule mzee na kidole chake. Akaketi juu ya ndoo, akanieleza. Mumewe, aliyefukiwa shimoni miaka mitatu nyuma, alikatwa kidole hicho na kamba ya mgodini.

"Punda huyu, marehemu alimlea tangu akiwa kitoto," alisema. "Alimpenda kuliko mimi."

Tangu hapo sijatulia. Mwaka wa ukame punda akikonda, suruali zangu zinanivuka. Akichechemea, mimi natafuta fimbo. Madaktari wamenipima, hawaoni kitu. Kila mwezi napeleka pumba Sekenke, na mke wangu anaamini nina nyumba ndogo huko. Punda sasa amezeeka kupita punda wote ninaowajua.

Nyie mnaopima mifugo siku hizi kwa vifaa vizuri kuliko changu, sikilizeni. Mashine ikikutia shaka, iweke chini. Usiijaribu kwa damu yako. Na mzee asiyeitikia shikamoo, mpite.

Jana Mama Elibariki kapiga simu: punda kalala, hataki pumba. Leo nilipoamka chumba kilizunguka, nikajikokota hadi zahanati kupima sukari. Muuguzi alikitazama kifaa mara mbili, akanisomea. Mnajua alisoma nini. Akataka kunitundikia dripu palepale, na kwenye kabati ilikuwa imebaki moja. Nilimsihi anipe niondoke nayo. Akaniuliza kama nimechanganyikiwa, mbona siwezi hata kusimama.

Mwishowe alinipa; ninayo hapa, mfukoni mwa koti. Mshipa wa kuitia uko Sekenke.