Siku Nilipompangusa Kipara

Jumamosi iliyopita nilikwenda Randburg kununua kitambaa cha mapazia. Nje ya duka nikakuta trela, na juu yake gari la zamani lisilo na paa, injini imeachwa nje, linang'aa kama sahani ya bi harusi. Vijana walikuwa wakilipiga picha. Ndugu yangu, hasira iliyonipanda pale ilinishangaza mwenyewe. Mtu mzima nimekumbatia mapazia, nimesimama mbele ya gari la watu, naliuliza kimoyomoyo: wewe umewahi kumeza mdudu hata siku moja?

Maana mimi nimewameza. Mwaka 2016 nilikuwa na miaka kumi na miwili, tunakaa Troyeville, na baba alikuwa fundi wa kunyoosha bodi kwenye gereji ya uani. Kwa miaka miwili aliokoteza vyuma. Alipata bodi ya pikapu kuukuu akaikata paa, akapata matairi mapana ya nyuma, na injini kubwa akapewa na baba mdogo, mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Diepsloot. Boneti hakuweka. Kioo cha mbele hakukitaka hata kukisikia. Akalipaka rangi nyekundu, akaliita Kipara, na tangu siku hiyo nyumbani tulimtaja Kipara kama mtu wa familia.

Watu wanadhani gari la wazi ni raha. Raha gani! Upepo unakukamua macho mpaka machozi yanakimbilia masikioni. Baba alivaa miwani yake ya kusagia vyuma, mimi nikavaa ya kuogelea niliyopewa shuleni, na mama alinifunga kanga kichwani mizunguko miwili, akachomeka ncha shingoni. Sheria ya baba ilikuwa moja: "Funga mdomo, pumulia pua. Ukitaka kucheka, subiri robot," yaani taa za barabarani. Siku moja nilikiuka. Mama alikuwa ametufungia vitumbua vya moto, harufu ya iliki ikanishinda kabla ya robot, nikauma. Nilitafuna kitumbua pamoja na kitu chenye miguu. Mbawakawa naye, akikupiga kwenye paji la uso kwa mwendo wa baba, unaweza kudhani umerushiwa jiwe.

Aliyeumia zaidi yetu ni jirani, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, msusi wangu. Kila Jumatatu alinikalisha chini na kunichambua mabawa na miguu kwenye mabutu, akifoka. "Miye nakusuka saa ine, na papa yako anakuya kuharibisha mu dakika kumi! Sasa hii ni nywele ao ni shamba?" Baba alisikia kupitia ukutani, akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kitana kilikuwa kichwani kwangu.

Kila Januari wenye magari ya aina hiyo walikutana Randburg, kwenye uwanja wa kuegesha magari. Zawadi zilikuwa nyingi, lakini baba alitaka kikombe kimoja tu, cha gari lililoundwa na mwenyewe na kufika pale kwa magurudumu yake. Alikitaka kwa sababu wateja wakiingia gerejini walimkuta na nyundo mkononi, wakamuuliza fundi yuko wapi. Alishapigilia msumari na rafu ndogo ukutani, mahali ambapo kila anayeingia angekiona.

Siku yenyewe tulipita kwanza Diepsloot ili baba mdogo aione injini yake. Akasimama mlangoni mwa spaza, mikono kiunoni, akasema, "Eish, kaka, umelifufua!" Kutoka pale kwenda Randburg kulikuwa na nyasi pande zote mbili, na ulikuwa msimu wa vipepeo weupe. Walikuja kama karatasi zilizomwagwa. Walitupiga usoni, kifuani, wakaingia mikononi mwa shati la baba, wakajaa kwenye wavu wa rejeta mpaka nyekundu ya Kipara ikageuka manjano kwa matumbo yao. Nilifunga mdomo njia nzima.

Tulipofika, baba alikwenda kuandikisha jina. Nikatazama magari ya wenzetu, yote yameteremshwa kwenye matrela, masafi, na Kipara katikati yao amepakwa matumbo ya vipepeo. Nyumbani mama alitufundisha kwamba kwa watu hufiki mchafu. Unasimama nje, unajipangusa viatu na uso, ndipo unabisha hodi. Basi nikaona Kipara naye hajabisha hodi vizuri. Nikafungua kanga kichwani, nikailowesha kwa maji ya chupa, nikampangusa. Nilifuta taa, wavu, matairi ya mbele, kila pembe. Nilijivuna, nakwambia kweli.

Mwamuzi alikuja na karatasi zake, mzee mwenye kaptula na soksi ndefu. Aliinama mbele ya rejeta, akapitisha kidole, akacheka. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba hakuna gari lililopita barabara yoyote mwezi huo likafika safi hivi. Akauliza trela letu liko wapi.

Baba, aliyekuwa amesharudi, alikuwa na ubawa mweupe kwenye ndevu! Duara za miwani zilikuwa zimemchora machoni, na shati lake lilikuwa la manjano mpaka kiunoni. Yule mzee alikagua chuma tu. Uso wa aliyeliunda hakuutazama hata mara moja, na mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Baba alinigeukia. Akaiona kanga mkononi mwangu, imelowa, imejaa mabawa. Akaelewa ni mimi niliyempangusa Kipara, na hakutaka kunitaja. Kisha akamwambia yule mzee kwa Kiingereza chake cha kuunga, "Yes. Trailer. Is outside." Kikombe akapewa kijana aliyetoka mtaa wa pili, mwenye nzi wanne kwenye taa.

Njiani baba alisimama kwenye robot na kunifunga kanga upya, mizunguko miwili kama mama. Hakunigombeza siku ile wala baadaye.

Mwaka 2019 gereji ilifungwa, uani pakawa ghala la magodoro. Kipara aliuzwa kwa mtu aliyemwekea paa na kioo, fikiria upuuzi huo. Jirani alihamia Durban. Baba yuko Tanga, ananyoosha bodi za magari ya wengine, na nikimpigia simu ananiuliza habari za mapazia yangu, si za Kipara.

Nawakasirikia wote, yule mzee, yule kijana wa nzi wanne, na aliyeweka paa. Lakini ukweli wenyewe ni huu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtafsiria baba kila mahali, kwenye benki, hospitali, ofisi za vibali. Kiingereza kilinitoka kama maji. Siku ile mdomo wangu haukuwa na upepo wala mdudu, na nilinyamaza.