Mpagazi Aliyekuja Kulisubiri Jina Lake

Kama wewe ni wa kucheka watu wanaposimulia mambo ya namna hii, cheka sasa hivi umalize, maana huko mbele sitakuvumilia. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Kyela mjini, saa tisa mchana, jua likiwaka mpaka bati linalia. Mchana, umesikia? Wale wanaojifanya wanajua kwamba wafu hutembea usiku tu, wanajua nini hao? Wanalala saa mbili.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye ndugu Malawi anavuka mpaka na kurudi na kitu. Bwana Anyandwile, mnunuzi wa mpunga, alirudi na deki na televisheni, akaondoa magunia stoo, akapanga mabenchi, akapaita ukumbi wa video. Mimi nikawa mtafsiri wake. Niliishia darasa la saba, na Kiingereza changu kilitosha kusoma maandishi ya mfuko wa mbolea. Lakini sauti nilikuwa nayo, na ndoto ya kutangaza redioni Dar es Salaam nilikuwa nayo, na nikishika kipaza sauti hakuna aliyesinzia. Nilichoelewa nilikitafsiri. Nisichoelewa nilikitunga. Niamini, nilitunga zaidi.

Siku hiyo tuliweka kanda ya wazungu waliokufa mlimani. Si maigizo. Walikuwa wanajipiga picha wenyewe wakipanda, na walipokufa, wenzao wakaziunganisha zikawa filamu. Sasa nikuulize: mtu ana nyumba, ana blanketi, ana mke, anaviacha vyote akapande barafu iliyosimama wima kama ukuta, anatafuta nini? Huko juu kuna mpunga? Kuna ng'ombe aliyepotea? Akifika anasimika kitambaa, anashuka. Asiposhuka anapigiwa vinanda. Niliwadharau tangu picha ya kwanza, na ukumbi mzima ukawadharau pamoja nami.

Benchi la mbele alikaa mtu mmoja mwenye koti zito, amelifunga vifungo mpaka kidevuni. Kyela, mwezi wa kumi na mbili! Sisi wengine tulikuwa tumevua mashati.

"Wewe wa koti," nikamwambia kwenye kipaza sauti, "umeleta baridi yako toka Mbeya? Basi tugawie!"

Watu wakacheka. Yeye hakugeuka.

Kwenye filamu wazungu wamesimama, upepo unavuma, mmoja ananyoosha kidole kule walikotoka. Nyuma yao yuko mpagazi, mtu mweusi, amebeba mzigo wa bluu. Sura yake haionekani, mgongo tu. Anatua mzigo, anageuka, anapanda peke yake kurudi juu. Mzungu alisema maneno mengi pale. Sikuelewa hata moja. Nikamfanya mpagazi kama mtu aliyebanwa na haja: "Jamani nisubirini, naenda kuchimba dawa!"

Ukumbi ulipasuka. Mama mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Na wakati tunacheka, theluji ikaporomoka kutoka juu, nyeupe tupu, ikafunika kila kitu.

Mwisho yakaja majina ya waliokufa, matatu, kila jina na picha yake. Watu walikuwa wanatoka. Mwenye koti alibaki. Nikazima jenereta, nikaanza kupanga mabenchi.

"Kaka," akasema, "hukusoma majina."

"Ya nini? Watu wamekwisha toka."

"Nisomee mimi."

Nikachukua jalada la kanda, nikamsomea kwa haraka, nikiyavunjavunja kwa makusudi. Akasikiliza kama mtu anayesubiri kuitwa hospitali.

"La nne?"

"Hakuna la nne, ndugu yangu. Walikufa watatu."

"Tulikufa wanne," akasema.

Hapo ndipo nilipomtazama usoni. Nyusi zake zilikuwa na barafu. Si jasho, si maji. Barafu, kama ile ya kwenye friji za maduka ya samaki. Midomo imepasuka, myeusi. Akanishika kifundo cha mkono wa kulia, na baridi ikanipanda mpaka begani.

"Walisahau mguu wa kamera," akasema. "Ile stendi ya kusimamishia. Wakanirudisha nikaifuate. Sikwenda kuchimba dawa, kaka."

Ungefanya nini wewe? Ungekimbia?

"Mimi Gwakisa. Mama yangu yuko Talatala. Anadhani nimefanikiwa kule kaskazini nikamtupa. Wewe una sauti, watu wanakusikiliza. Sema jina langu."

Nikajibu nini? Naona aibu kuandika. Nilisema, "Njoo kesho, kuna watu wa saa kumi." Nilimjibu hivyo, kama karani wa ofisini! Akaniachia mkono. Sikumwona akitoka. Benchi lilikuwa limelowa, na sakafuni punje za barafu zinayeyuka moja moja.

Nikawasha jenereta, nikarudisha kanda nyuma hadi pale penye mzigo wa bluu. Safari hii mpagazi hakuonyesha mgongo. Alikuwa ameigeukia kamera, ananitazama. Ni yeye.

Nilipomweleza Anyandwile, alichungulia benchi akasema bati linavuja. Mvua haikuwa imenyesha siku nne!

"Halafu hata kama ni kweli," akasema akichokonoa meno, "mpagazi ni mpagazi. Angeandikwa kwenye filamu kwa lipi? Wewe rudi kazini, watu wanataka kucheka."

Nimewadharau watu wengi maishani, lakini yule bwana, na meno yake yale, nilimdharau kuliko wote. Kisha nikakumbuka nani alikuwa ameshika kipaza sauti, dharau ikarudi kwangu. Watu wa saa kumi waliingia hawakunikuta.

Asubuhi nilipanda baiskeli hadi Talatala. Nilimkuta mama yake anaanika kakao mkekani.

"Ugonile, mama."

"Ugonile, mwanangu. Karibu."

Nilimweleza kila kitu, ila utani wangu sikuusema. Hakupiga kelele. Alikaa chini katikati ya kakao, akanitazama mkono, hapo kwenye kifundo palipobaki weupe.

"Mwaka jana nilimlaani," akasema. "Watu walinicheka, wakasema mwanao anakula na wazungu huko. Nikasimama hapa hapa, nikasema asione mtoto, asione nyumba. Kumbe nilikuwa namlaani maiti."

Msiba ukatangazwa. Mwili hatukuwa nao, basi wazee wakakata shina la mgomba, wakalivika sanda, wakalizika nyuma ya nyumba. Ng'ombe akachinjwa. Vijana wakacheza ngoma ya msiba, mchungaji akanuna, wakaendelea kucheza. Nami nikapewa nafasi ya kulitaja jina. Sikuwa na kipaza sauti. Nilisema, "Gwakisa hakumtupa mama yake. Amekufa kazini," nikarudia mara tatu, wanawake wakalia mpaka ng'ambo ya mto.

Nilipokuwa naaga, mama akanishika mkono.

"Mwanangu, wale watu wa Kyela waliomwona kwenye video akipanda peke yake. Walifanyaje?"

Nimesoma kidogo, lakini najua swali zito nikilisikia.

"Walilia, mama," nikasema.

"Ndaga fijo," akanishukuru. "Basi hakufa kama mbwa."

Tangu siku ile Gwakisa aliponishika, kifundo hiki hakina uhai. Nikiweka kaa la moto sisikii. Redioni sikufika. Anyandwile alimpata mtafsiri mwingine, na nasikia pale penye mzigo wa bluu ndipo watu wanapocheka kuliko kote. Shauri yao. Wewe unayenisoma, ukikuta mtu anaanguka kwenye kioo cha televisheni na mwenzako anakuchekesha, funga mdomo. Kuna mama mahali fulani atakuja kukuuliza ulifanyaje, naye hatakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza. Mimi nilimdanganya, akanishukuru, akafa akiniamini.