Mzaliwa wa Tanga Anunua Jaketi

Hebu vuta picha: duka la vifaa vya michezo hapa ughaibuni, mtaa wa Walthamstow, na mama mmoja kaweka juu ya kaunta majaketi matatu ya kuelea. Wiki ijayo familia yake inakwenda ufukwe wa Mediterania, kuogelea na kupiga kasia juu ya ubao. Mumewe akalishika lile kubwa kwa vidole viwili, akalirudisha rafuni.

"Hili la nani? Mimi mzaliwa wa Tanga!"

"Baba watoto, mara ya mwisho umeogelea lini?"

"Kuogelea hakusahauliki."

"Nimekuuliza lini."

Akakuna kidevu. "Kabla hatujaoana."

Binti yao wa miaka sita, atakayepanda ubao mmoja na baba yake, akauliza kwa Kiingereza: baba ukizama, mimi nitarudi ufukweni na nani?

Baba akanyoosha mkono rafuni, akalichukua tena lile jaketi kubwa.

Mimi niliyekuwa nyuma yao kwenye foleni nilimhurumia. Bila shaka Mediterania ingemwomba pasipoti kwanza, ikasoma alikozaliwa, kisha ikatuliza upepo kwa heshima.

Wapendwa, naomba mkumbuke jambo moja tu: fungeni jaketi mkiwa bado mchangani, watoto wakiwatazama.