Lenzi Isiyoona Wazee

"Madam, umenipigia picha ya masikio ya mama yangu," mwalimu aliniambia kwenye simu, na hakuwa anatania.

Nilikuwa jikoni kwangu Migori, mikono imejaa unga. Nilifuta mkono mmoja, nikafungua kompyuta na kuivuta ile picha hadi ikajaa skrini. Alisema kweli. Masikio ya mama mzee yalionekana hadi matundu ya herini alizoacha kuvaa zamani. Nyuzi za kitambaa chake cha kichwani ungeweza kuzihesabu. Lakini macho, ambayo ndiyo mtu hupigiwa picha, yalikuwa ukungu mtupu. Nilipitia picha zote za siku ile, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa hivyo hivyo.

Mwalimu huyo anafundisha Homa Bay mjini, na mama yake anaishi Mbita. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani na kumwambia binti yake, kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko ukali, kwamba sasa akae na watu wake. Picha pekee ya mama huyo ilikuwa ya kitambulisho, na mwenyewe alisema hamjui yule mwanamke.

"Jumamosi familia yote inakuja," mwalimu akasema. "Uje urudie. Lakini ukikosea tena, sister, sijui kama tutapata Jumamosi ingine."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Niliikata simu, na kama kawaida yangu, nilitafuta mtu wa kumlaumu.

Sikuhangaika kumpata. Lenzi ile ya picha za sura niliinunua kwa fundi mmoja hapa mjini, mtu anayeuza kamera zilizokwishatumika katika kibanda chembamba karibu na soko. Nilifika kwake bila hata kuvua aproni, nikampa vidonge vyake mbele ya wateja. Nilimwambia ameniuzia jicho la makengeza. Nilimwambia kuna mama anakufa Mbita na hana uso kwa sababu yake. Alinisikiliza hadi nikaishiwa na pumzi.

"Umeipima?" akauliza.

"Kuipima na nini?"

Akatoa kwenye droo kitu cha plastiki kilichokunjwa, bei yake haifiki ya kuku, akakifungua juu ya kaunta. Upande mmoja kilikuwa na kibao cha miraba myeupe na myeusi. Upande wa pili kilikuwa na rula iliyolala kwa kuinama, sifuri ikiwa katikati, namba zingine zikija mbele na zingine zikienda nyuma.

"Lenga hiki kibao, halafu uangalie rula," akasema. "Sifuri ikiwa safi, lenzi ni nzima. Namba za nyuma zikiwa safi, hiyo lenzi inaona nyuma, na kwa menyu ya kamera utairekebisha. Ikikataa, lete nikurudishie pesa yako. Lakini uipime kwanza, madam. Usibahatishe."

Alhamisi asubuhi nilisukuma makochi ukutani, nikafungua mlango wa mbele mwanga uingie, nikaweka kile kifaa juu ya meza. Kamera niliifunga kwenye stendi, hatua mbili na nusu kutoka mezani. Nililenga, nikapiga. Nikaizungusha pete ya lenzi ivurugike kabisa, nikaiacha ijitafute upya, nikapiga tena. Nilifanya hivyo mara kumi. Kisha nikakaa kwenye kompyuta na kuitazama rula.

Sifuri. Sifuri safi kama imechorwa kwa wembe, na mistari ya mbele na ya nyuma ikififia sawasawa. Picha zote kumi.

Ningekuwa mtu mwenye akili ningeshukuru. Mimi nilipandwa na mori. Lenzi nzima haikunisaidia kitu. Nilichotaka ni lenzi mbovu ambayo ningeirekebisha kabla ya Jumamosi. Nikaingia kwenye menyu nikausogeza ulengaji hatua kumi kwa nguvu, eti nione. Rula ikaruka mbele, kila kitu kikaharibika. Nikairudisha ilivyokuwa. Saa sita mchana ilinikuta nimekaa sakafuni, nikikitazama kile kiplastiki kana kwamba kimenitukana.

Mume wangu alirudi kula chakula cha mchana, nikamkalisha kwenye kiti karibu na mlango. Nilishika kamera mkononi na kumpiga picha tano. Macho yake yalitoka safi, hadi ule mshipa mwekundu anaosema hana.

"Si iko sawa?" akasema, akirudi kwenye ugali wake.

Ndipo mama mkwe akaingia kutoka Oyugis, na mfuko wa viazi vitamu begani. Nilimpokea, nikamwandalia chai, kisha nikamwomba akae kwenye kile kiti.

"Mama, naomba utazame hapa kidogo," nikasema, nikapiga.

Masikio. Nikapiga tena. Masikio na ukingo wa kitambaa. Nikaiteremsha kamera, kwa maana sasa nilijua ugonjwa uko ndani ya nyumba yangu, na haukuwa kwenye lenzi.

Nikampa mama mkwe kile kifaa akishike kando ya shavu, sifuri ikiwa sambamba na jicho lake. Alikishika akilalamika kwamba anafanywa mlingoti. Nilipiga, nikavuta picha. Namba zilizokuwa safi zilikuwa za nyuma, umbali wa kama vidole vitatu kutoka sifuri. Kila picha.

"Mama watoto," mume wangu akaniita kutoka mezani. "Mbona unapiga goti?"

"Goti gani?"

"Hilo lako. Ukishalenga, unamwambia mathe 'naomba', halafu unashuka. Mimi hukunishukia hata kidogo."

Nilimwambia ananisingizia, na maneno mengine ambayo sitayaandika. Kisha nikapiga tena nikiyasikiliza magoti yangu, na yakalegea yenyewe, mwili mzima ukaenda mbele kidogo, baada ya kamera kushika umbali na kabla ya kidole kubonyeza, hivyo ukali ukapita macho na kuangukia masikio.

Nililelewa na nyanya yangu upande wa Isebania. Kwake, msichana hakuzungumza na mtu mzima akiwa wima kama nguzo. Ulishuka kidogo, ukainamisha kichwa, na ukisahau, mwiko wa ugali ulikukumbusha mgongoni. Ameshafariki, na mimi nina watoto wanaonipita urefu, lakini magoti bado yanamtii. Jioni ile nilifungua picha za miaka yote. Watoto wa shule walikuwa safi, na maharusi vilevile. Wajane, mababu, maaskofu wastaafu, akina nyanya wa kila kata, wote walikuwa masikio na nywele. Walikuwa wamenishukuru, wakaning'iniza ukutani zile picha, na hakuna aliyetaka kuniaibisha. Niliona haya ambayo sijui niipime kwa kipimo gani.

Nikampigia fundi. "Si lenzi," nikamwambia.

"Ni nini sasa?"

"Ni magoti."

"Hiyo sina spea," akasema, na nikamwomba msamaha kabla hajaanza kucheka.

Ijumaa yote nilijifunza kusimama. Mama mkwe alikaa pale mlangoni akimenya viazi, mimi nikipiga na kukosea. Nilijaribu kupiga magoti kabisa tangu mwanzo, kichwa kikainama badala yake. Nilijaribu kukaa kwenye kigoda, mgongo ukafanya kazi ya magoti. Ilipofika jioni nilikuwa napata mbili katika kumi, na mbili hizo nilizipata kwa kukaza miguu hadi ikauma.

"Nyathina, mwanangu, usinisimamie hivyo," mama mkwe akasema. "Unakaa kama polisi."

Jumamosi nilifika Mbita na roho mkononi. Uani kulikuwa na viti vya plastiki, wajukuu waliovalia nguo mpya, na sufuria tatu motoni. Mwalimu alikuwa kila mahali kwa wakati mmoja, akipanga nani asimame nyuma ya nani. Alinisukuma ndani kwanza. Mama yake hakuweza tena kutolewa nje.

Alikuwa ameegemezwa mito kitandani, kando ya dirisha, mdogo kuliko wiki mbili zilizopita. Nilimsalimu kwa mikono miwili na kwa magoti yote. Kisha nikarudi nyuma, nikakaza miguu na kusimama wima mbele ya mtu mzima anayekufa. Sijawahi kujiona mtovu wa adabu kama siku hiyo. Sikusema "naomba", wala "mama". Nililenga jicho la karibu, nikabonyeza. Nikabonyeza tena, mara nne. Alinitazama tu, bila kuuliza.

Nilivuta picha kwenye skrini ndogo. Kope. Mistari ya kope, na dirisha likionekana ndani ya jicho.

"Imeshika!" nikamwambia mwalimu, na nusura nimkumbatie.

Aliichukua kamera kwa mikono miwili. Aliitazama akitabasamu, kisha tabasamu likafifia polepole. Nikafikiri nimekosea tena.

"Anaogopa," akasema.

Nikatazama upya. Nilikuwa nimetafuta ukali wa picha tu, sikuwa nimetazama kilichomo. Macho yale yalikuwa ya mtu aliyeachwa mahali asipopajua.

Mwalimu akaniwekea kamera mkononi, akaenda kitandani. "Mama," akamuuliza kwa Kijaluo, "iluoro ang'o?" Unaogopa nini?

Mama mzee alichukua muda kuipata sauti. "Nindo kenda," akasema. Kulala peke yangu.

Mwalimu alivua viatu vyake vya kisigino, akavipanga chini, akapanda kitandani na lile gauni lililopigwa pasi, akalala ubavuni mwa mama yake na kumfunika mkono. Uani walikuwa wakimwita aje awapange.

"Toka uwaambie wangoje," akaniambia bila kugeuka.

Nikatoka, nikawaambia.